Shakwe Aliyekwenda kwa Miguu

Koplo Paschal alikuwa amepanga vielelezo mezani kama mama anayesubiri wageni wa kipaimara. Kifaa katikati, bado kimo ndani ya kimfuko cha ngozi ya mbuzi. Kushoto bahasha ya kaki yenye manyoya. Kulia daftari la maelezo, kurasa mbili zimejaa. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya meza akisubiri kusifiwa.

"Mtuhumiwa yuko mahabusu tangu jana jioni, Afande. Tumemkuta nacho ndani ya debe la mbegu za maharage, kimefukiwa hadi chini kabisa. Asiye na hatia hafichi kitu kwenye mbegu."

"Na manyoya?"

"Uani kwake. Mengi."

Sajenti Deodata wa upelelezi alivuta kiti, akakaa. Alikuwa Mhangaza wa Kanazi, mwenye miaka kumi na miwili kazini na tabia moja ambayo wenzake hawakuacha kumtania nayo: alinusa kila kitu kabla ya kukishika. Walisema siku serikali ilipomwajiri, ilijiokolea gharama ya mbwa.

Alimsogezea bahasha kijana aliyekaa pembeni na mkoba magotini. Huyu aliitwa Elick, mtafiti wa ndege, aliyefika alfajiri na pikipiki yenye vumbi hadi kwenye vioo. Ndiye aliyeripoti kwa simu kwamba shakwe wake amepotea Biharamulo.

Elick alimwaga manyoya mezani, akayatenga kwa ncha ya kalamu. "Haya ni ya yangeyange, wale wanaofuata ng'ombe. Haya matatu ni ya kuku."

"Shakwe wako hana manyoya meupe?" Paschal aliuliza.

"Anayo, kifuani na kichwani. Lakini haya ni ya bawa, na bawa la shakwe huyu juu ni jeusi kama sufuria ya kuni."

Koplo Paschal aliyatazama manyoya yake kwa huzuni. Deodata alimwonea huruma kidogo, maana alijua alivyopanda na kushuka ua wa watu akiyaokota moja moja.

"Nieleze huyu ndege kama unavyomweleza mtu wa Kanazi ambaye ziwa aliliona akiwa mtu mzima," alimwambia Elick.

"Ni shakwe mgongo-mweusi. Anazaliana Ufini, kaskazini kabisa, baridi ikianza anakuja kwetu. Wanashinda ziwani, kwenye mialo ya wavuvi, wanaokota mabaki ya dagaa. Sasa kila mwaka kule Ufini wanarudi wachache kuliko walioondoka, na hakuna anayejua kwa hakika wanafia wapi. Ndiyo maana tunawavisha kifaa. Kinapata nguvu kwa jua, kinatuma kwenye simu yangu mahali alipo."

"Kwa hiyo na wewe unatafuta muuaji."

"Ndiyo, Afande. Mwaka wa tatu sasa." Aliinamisha kichwa. "Huyu ni namba ishirini na saba. Alikuwa wa mwisho ambaye kifaa chake kilikuwa bado kinafanya kazi."

Deodata aliinua kimfuko, akanusa. Halafu akanusa tena. Aliomba wembe, akafumua mshono mmoja mmoja bila kukata ngozi. Kifaa kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kina kioo cheusi juu. Aliyekishona alikiachia kioo dirisha, kikawa kinatazama jua. Chini yake, umekunjwa vizuri, ulikuwemo mkanda mwembamba aliokuwa amevaa ndege.

"Umekatwa kwa kitu chenye makali, pigo moja," alisema. "Una mafuta. Paschal, nusa."

Paschal alinusa kwa mashaka. "Samli."

"Samli iliyochacha. Na hapa imenasa kitu." Ilikuwa nyoya laini la kijivu, dogo kuliko ukucha.

"Hilo ni lake," Elick alisema upesi. "La chini ya bawa."

Aliuchukua mkanda, akaugeuza. Upande wa ndani, ule unaogusa mwili, ulikuwa na damu kavu. Upande wa nje haukuwa na tone. Elick aliutazama kitambo kifupi, akaurudisha mezani damu ikiwa imelala chini. Deodata aliliona hilo, akalinyamazia.

"Mtuhumiwa anafikishwa mahakamani lini?"

"Kesho saa tatu, Afande. Kuua ndege wa utafiti na kupatikana na mali ya wizi." Paschal alikohoa. "Na ni katekista. Keshokutwa Jumamosi anaozesha binti, Wema. Mke wake amekuja hapa mara mbili tangu jana, amekaa tu kwenye benchi."

"Jumamosi hii?"

"Jumatano ijayo ni Majivu, Kwaresima inaanza, na Kwaresima hakuna ndoa. Wakikosa Jumamosi, mpaka baada ya Pasaka. Na wageni wote wameshaalikwa."

* * *

Katekista Pancras alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata mahabusu. Deodata alisimama kumwamkia kama anavyoamkiwa mzazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kile kifaa umekipata wapi?"

"Nilikiokota."

"Wapi?"

"Shambani. Tunapalilia maharage, kabla ya Krismasi."

"Kilikuwa juu ya ndege?"

"Ndege sikumwona."

"Kilikuwa kimeshonewa ngozi?"

Mzee alichelewa kidogo. "Kilikuwa hivyo hivyo mlivyokikuta."

"Ulidhani ni nini?"

"Sikudhani."

"Baba, mtu anaokota kitu asichokijua, hamuulizi jirani, hamuulizi mwalimu wa shule, anakifukia kwenye mbegu?"

Pancras alitazama mikono yake. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu hata hatua tatu za kwanza zilimchosha. Alipoinua uso alikuwa na swali lake.

"Afande, ng'ombe wangu wamepelekwa maji? Yupo mmoja mwekundu bado hajazoea njia. Wasimwachie aende peke yake."

"Nitauliza."

"Na jingine. Nikiandika kwamba huyo ndege nilimuua mimi, mtaniruhusu Jumamosi saa mbili tu? Nimshike mkono binti yangu mpaka altareni, halafu nirudi hapa mwenyewe kwa miguu."

"Ulimuua?"

"Nauliza tu kama inawezekana."

Deodata alifunga daftari bila kuandika neno. Katika miaka kumi na miwili alishaona watu wakikana walichofanya, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Anayeomba kukiri asichokifanya alimuumiza moyo, na alitoka mle ndani akiwa na hasira asiyojua amkasirikie nani.

* * *

"Nisomee safari yake," alimwambia Elick. "Polepole, na tarehe."

Elick alifungua simu, akaiweka mezani katikati yao. Nukta nyekundu zilitapakaa kwenye ramani.

"Tarehe tano Januari anatoka Ziwa Burigi. Tarehe saba anatua Ngara, kata ya Nyakisasa, kwenye lambo la ng'ombe. Mwendo wake mpaka hapo ni wa kuruka, kilomita arobaini kwa saa. Baada ya hapo siku nne kifaa ni dhaifu sana, kinatuma mara moja tu kwa siku."

"Kwa sababu?"

"Kimekosa jua. Kiko ndani ya kitu."

"Ndani ya nyumba. Endelea."

"Tarehe kumi na mbili kinapata nguvu. Tangu hapo anazunguka hapo hapo Nyakisasa hadi tarehe thelathini. Mimi niliandika kwamba anatafuta chakula."

"Anatoka saa ngapi?"

Elick alipekua. "Saa mbili asubuhi. Saa sita yuko lambo. Anarudi kabla ya saa kumi na mbili."

"Jana yake?"

"Saa mbili. Saa sita. Kumi na mbili kasoro." Alipekua tena, na tena. Sauti yake ilipungua. "Kila siku."

"Jumapili pia?"

"Jumapili pia."

"Mwendo?"

"Kilomita mbili kwa saa. Tatu." Aliondoa mkono kwenye simu. "Huyu anatembea kwa miguu."

"Kwa miguu minne. Saa mbili zizini, saa sita majini, jioni zizini. Wewe umesoma ndege, ndugu yangu, mimi nimechunga ng'ombe wa baba yangu mpaka darasa la saba. Hiyo ni ratiba ya ng'ombe." Alisogeza simu. "Tarehe thelathini na moja?"

"Anatoka Nyakisasa alfajiri, anaingia Biharamulo, anapita Nyakahura, mchana yuko Runazi. Yote kwa barabara. Niliona ajabu ndege kufuata barabara."

"Alipanda Fuso."

Paschal alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Deodata alihesabu kwa vidole. Runazi kilitembea siku tatu, kutoka zizini hadi mtoni na kurudi. Tarehe tatu Februari kikaingia ndani, kikanyamaza, mpaka polisi walipokifuata kwenye nukta ya mwisho. Mzee Pancras alisema amekiokota kabla ya Krismasi, na kabla ya Krismasi shakwe namba ishirini na saba alikuwa bado anaruka juu ya Ziwa Victoria.

* * *

Mama Selestina, mke wa katekista, aliwapokea uani kwake Runazi akiwa na kanga mbili na macho ya mtu asiyelala. Nyuma yake turubai la arusi lilikuwa limeshafungwa upande mmoja. Upande wa pili ulining'inia, maana aliyekuwa akilifunga alichukuliwa na polisi katikati ya kazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulimalizia.

"Nionyeshe ng'ombe mwekundu, mama."

Alikuwa mtamba mzuri, mnene, rangi ya tofali lililoiva. Yangeyange wawili walikuwa miguuni pake wakiokota nzi, na Paschal aliwatazama kwa chuki. Deodata alinyoosha mkono taratibu hadi kwenye shina la pembe. Manyoya yalikuwa yamelika, mstari mwembamba ukizunguka pembe zote mbili. Kimfuko kile kilikaa hapo katikati ya kichwa, kikitazama jua.

"Huyu amekuja lini?"

"Sijui tarehe."

"Amekuja na karatasi, mama. Ng'ombe hasafiri wilaya kwa wilaya bila kibali."

Selestina aliingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kibali cha kusafirisha mifugo, tarehe thelathini na moja Januari, kutoka Nyakisasa kwenda Runazi. Ng'ombe kumi na wawili. Mmiliki: Ndassa.

"Ndassa ni nani wenu?"

"Ni mkwe." Alilitamka neno kwa uangalifu, kama mtu abebaye yai. "Baba wa kijana anayemwoa Wema. Ni Wasukuma, walihamia kule kutoka Shinyanga. Watu wazuri. Kijana amebatizwa mwaka jana, mume wangu ndiye aliyemfundisha."

"Na baba yake?"

"Yeye ana mambo yake ya kimila. Hatumsemi."

Deodata alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwacha mama aendelee kwa wakati wake. Selestina alizungusha pindo la kanga kidoleni.

"Siku ya tatu baada ya mahari, mume wangu anamkagua huyu kupe, akakiona. Kimeshonwa kwenye ngozi, kina jicho jeusi. Akasema ni dawa. Wametuma dawa kichwani mwa ng'ombe ili mtoto wetu afungwe, asitoke kwao hata akipigwa. Mimi nikamwambia tuwaulize. Akasema, utamuulizaje mkwe kwamba ni mchawi, mahari imeshapokewa, mwezi huu huu wa arusi? Aliogopa kukichoma, akaogopa kukiacha. Akakitia kwenye mbegu. Akasema hakuna atakayekiona mpaka masika, na masika Wema ameshaolewa, Mungu atajua."

"Na polisi walipokuja?"

"Angesema nini, Afande? Angesema kimetoka kwa mkwe, mngekwenda kumkamata mkwe. Kungekuwa na arusi tena?"

Kuuliza si ujinga, watoto wanafundishwa hivyo darasa la kwanza. Lakini hakuna mwalimu anayewafundisha namna ya kumuuliza mkwe.

* * *

Nyakisasa walifika saa tisa alasiri, Paschal akiendesha, Elick nyuma na mkoba wake. Mji wa Ndassa ulikuwa na zizi kubwa la miiba, mihogo imeanikwa juu ya mwamba, na mzee mrefu aliyekuja kuwalaki akiwa tayari anatabasamu.

"Kalibuni. Mmetoka kwa mkwe? Habali zake?"

"Shikamoo, mzee. Tunakuuliza juu ya yule ng'ombe mwekundu."

"Marahaba. Kafika salama?"

"Kafika. Kichwani alivaa nini?"

Paschal alikaa mkao wa kukimbiza mtu. Ndassa hakukimbia, badala yake alichangamka zaidi.

"Ah, mmekiona. Kile nilikishona mwenyewe. Ni cha ndege. Kuna ndege wa mbali anakuja hapa lambo, miguu ya bata, mgongo mweusi. Huyo mmoja alikuwa amekivaa mgongoni. Nikajiuliza, ndege anatoka huko kwa wazungu, anapita juu ya nchi zote hizo, anafika Nyakisasa bila kupotea. Kwa nini? Kwa sababu ya kile. Nikasema basi, ng'ombe wa mkwe wangu aende nacho. Atembee balabala ngeni, afike kwenye nchi asiyoijua, asipotee. Nilimchagua yule kwa sababu ndiye bora. Nilimpa mkwe kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo."

Paschal alirudisha mikono mifukoni.

"Hukumwambia mkwe ni cha nini," Deodata alisema.

"Zawadi inaelezwa? Nilijua ataniuliza. Hakuuliza, nikajua ameelewa." Kisha tabasamu lilianza kupungua. "Kwani vipi, Afande?"

Deodata alimweleza yote, bila kuficha debe wala mahabusu. Ndassa alisikiliza, na alipomaliza mzee alikuwa ameketi chini, mikono juu ya kichwa.

"Mkwe wangu amelala chini kwenye sementi kwa ajili yangu."

"Usiku mmoja. Hatalala wa pili." Deodata alipiga simu kituoni, akamwamuru askari wa zamu amtoe Mzee Pancras, ampe kiti, ampe simu. Alibonyeza spika.

"Mkwe," Ndassa alisema, "ni mimi."

"Mkwe," sauti ya Pancras ilijibu kutoka mbali. "Mimi sikusema kitu juu yako."

"Nimeambiwa. Kile si dawa, mkwe. Ni cha kumwonyesha ng'ombe njia. Nilipenda asikupotee."

Deodata aliangalia kama mtandao umekatika. Halafu walisikia mzee akivuta pumzi, na ilikuwa wazi kwamba analia na hajali askari wa zamu.

"Nisamehe, mkwe," alisema. "Nilikufikiria vibaya siku tisa nzima. Na ibada nikaongoza."

"Na mimi ilinipasa kukuambia. Ulimi wangu haukuwa na kidonda." Ndassa alifuta uso kwa kiganja. "Yule mwekundu anakula?"

"Anakula. Ila ananikimbia."

"Mkune chini ya shingo. Anapenda."

Deodata alichukua simu. "Paschal atakuja na maelezo yaliyosainiwa kabla ya giza, baba. Mahakamani huendi. Nenda kamalizie turubai."

* * *

Kulibaki shakwe. Elick alikuwa amesimama kando ya zizi, akimtazama ndama aliyefungwa kwenye mti.

"Mzee," alimuuliza Ndassa, "kamba hii mbona imelegea hivi?"

"Unaacha vidole viwili. Ndama anakua, kamba haikui. Ukimkaza leo inavyomtosha, mwezi ujao umemnyonga."

Elick aliingiza vidole viwili chini ya kamba, akavitoa. Deodata alikuja akasimama naye.

"Uliigeuza ile damu ikatazama chini," alisema. "Sikukuuliza mbele ya Paschal. Damu ilikuwa upande wa ndani tu. Ndege hakuumizwa na aliyekata mkanda."

"Aliumizwa na mkanda."

"Nani alimfunga?"

"Mimi. Kwa mikono yangu, kwenye mwalo, mwaka jana." "Alikuwa ametoka safari, amekonda. Nilimpima, nikakaza sawasawa na alivyokuwa. Sikumwachia nafasi ya kunenepa. Miaka mitatu nawatafutia muuaji, Afande."

"Hujasikia habari ya samli," Deodata alisema. "Maiti haipakwi samli. Mzee Ndassa, nani alikupa kile kifaa?"

"Bibi Nyirabahizi. Yule pale, ng'ambo ya lambo."

* * *

Bibi Nyirabahizi alikuwa anapembua maharage mlangoni kwake. Deodata alimwamkia kwa Kihangaza, na kwa heshima ya Elick wakahamia Kiswahili, ambacho bibi alikivaa kama viatu vya mtoto wake.

"Mwenye ndege ndiye huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Umechelewa." Hakuinuka. "Amenimalizia mayai. Kifaranga kimoja amekimeza mbele ya macho yangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe hashiki."

Shakwe alikuwa kwenye banda la kuku, amesimama peke yake kona moja, kuku wamejibanza kona nyingine kwa adabu kubwa. Kifua cheupe, mgongo mweusi, mdomo wa njano, pete yenye namba mguuni. Alimtazama Elick kwa jicho la njano lisilo na shukrani wala kinyongo. Elick alipiga magoti kwenye mavi ya kuku bila kuangalia anapiga wapi.

"Nilimkuta lambo, mbwa wamemzunguka," bibi alisema. "Kuruka hawezi. Ule ukanda umeingia kwenye nyama, chini ya bawa. Nikaupaka samli ulainike, nikakata. Nikampaka na yeye. Siku za kwanza alikuwa mugonjwa kabisa, akawa harari, mwili moto, anatetemeka tu. Ndassa ananiletea dagaa."

Elick alimshika kama wanavyofundishwa, mabawa yamebanwa kifuani, akalikunjua bawa moja, kisha la pili. Kovu lilikuwa la waridi, kavu. Manyoya mapya yalishaanza kulifunika. Alilipitisha vidole mara mbili, ndege akamng'ata.

"Amepona," alisema. "Anaweza kwenda."

"Najua. Niliogopa kumwachia mwenye mali hajaja. Mtu wa kituoni angesema nimeiba."

Deodata alimwomba tenga.

Walimbeba kwenye tenga hadi ukingoni. Ng'ombe wa Ndassa walikuwa wamekwishakunywa, maji yametulia. Elick alikuwa na kifaa mfukoni, Deodata ameshamrudishia, na kwenye mkoba mkanda mpya ambao alikuja nao kutoka ziwani. Bibi aliuona mkoba.

"Utamfunga tena?"

Elick aliutazama mkanda, akaukunja. "Si huyu. Na mwingine yeyote, nitaacha vidole viwili."

Akafungua tenga. Shakwe alitoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake, akanywa maji, akajitikisa. Alikimbia hatua nne, akaruka. Alizunguka lambo mara moja, chini, kisha mara ya pili juu zaidi. Akashika njia ya kaskazini-mashariki, kuelekea Burigi walipo wenzake, mpaka jicho likamkosa.

Elick alitoa simu kwa mazoea. Nukta nyekundu ilikuwa pale pale, Nyakisasa, ndani ya mfuko wake mwenyewe. Aliizima.

"Mwakani atarudi?" bibi aliuliza.

"Safari ni ndefu, bibi. Wengi hawarudi. Na huyu sasa hana kifaa, hata akirudi sitajua."

Nyirabahizi aliokota tenga lake, akalipigapiga kutoa manyoya.

"Mimi nitajua," alisema. "Mayai yakianza kupungua, nitawafungia kuku."